Jua lipo, vitamini D haipo: majibu kwa barua za wasomaji

Barua za mwezi huu zimetoka Pipeline, Mathare, Westlands, Rongai, Eastleigh, Kangemi na kwingineko, na karibu zote zinauliza kuhusu vitamini D. Tumeanza na watoto, kwa kuwa kwao ukosefu huu huharibu haraka zaidi na kinga yake ni rahisi. Viwango vya dawa tumevitaja kwa yuniti, zile zinazoandikwa IU kwenye lebo. Lebo ikihesabu kwa mikrogramu, zidisha kwa 40 upate yuniti.

Nina mtoto wa miezi miwili. Kliniki waliniambia nimwoteshe jua la asubuhi, saa moja hadi saa mbili. Naishi ghorofa ya tatu na jua halifiki kwenye nyumba yetu, hivyo humpakata kando ya dirisha la ngazini ambako mwanga upo. Je, inatosha?
*Mama wa mtoto mmoja, Pipeline*

Haitoshi, mama, na kosa si lako. Ushauri wa jua la saa moja umerudiwa miaka mingi hadi ukaaminika.

Ngozi hutengeneza vitamini D kwa miale ya ultravioleti aina ya B peke yake. Jua likiwa bado chini, miale hiyo hupita kwenye hewa kwa mshazari, safari yake inakuwa ndefu, na ozoni huimeza karibu yote kabla haijatufikia. Mwanga unafika, joto linafika, lakini miale yenye kazi haifiki. Dirisha nalo linaongeza tatizo, kwa sababu kioo cha kawaida huizuia miale ya aina ya B hata saa sita mchana. Kwa hiyo mtoto anayeoteshwa saa moja asubuhi nyuma ya kioo anapata joto tu.

Kipimo rahisi ni kivuli chako mwenyewe. Kikiwa kifupi kuliko kimo chako, jua limepanda vya kutosha. Nairobi iko kusini kidogo tu ya ikweta, karibu digrii moja, na hali hiyo hupatikana kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri mwaka mzima. Mawingu mazito ya Julai hupunguza miale lakini hayaimalizi.

Sasa, jua hilo la juu ni kali kwa ngozi ya mtoto wa miezi miwili. Ndiyo maana kwa umri huu tunapendekeza matone ya vitamini D: yuniti 400 kila siku, kuanzia siku za kwanza za maisha hadi atimize miezi 12. Maziwa yako ni chakula bora kabisa kwake, lakini lita nzima huwa na yuniti chini ya 80 kwa kawaida, naye hanywi lita nzima. Mtoto wa maziwa ya kopo anahitaji matone pia ikiwa hajafikia lita moja kwa siku.

Soma lebo kabla ya kumpa. Kuna chupa ambazo yuniti 400 zimo ndani ya tone moja, na kuna nyingine ambazo zimo ndani ya mililita moja. Mtu aliyezoea mililita akinunua ile ya tone moja na kuendelea kujaza kitoneshi chote, anampa mtoto dozi zaidi ya mara ishirini kila siku. Muulize mfamasia akuonyeshe kwa mkono wake kiasi cha siku moja kabla hujaondoka dukani. Nyumbani, dondoshea kwenye chuchu kabla ya kunyonyesha au kwenye kijiko safi. Usichanganye na chupa ya maziwa, kwa sababu akibakisha maziwa amebakisha na dawa. Ukisahau siku moja, usirudufu siku inayofuata.

Ikiwa matone hayajapatikana, mpandishe juu kunakoanikwa nguo mwendo wa saa nne kwa dakika tano hadi kumi, miguu na mikono ikiwa wazi, uso na kichwa vikiwa kivulini, na umrudishe ndani kabla ngozi haijapata moto. Chukulia hilo kuwa hatua ya muda wakati unaendelea kutafuta matone.

Jambo jingine dogo lakini zito: mtoto mchanga mwenye macho au ngozi ya manjano hatibiwi kwa jua la nyumbani. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo apimwe.

Mwanangu ana miaka miwili na nusu. Magoti yamepanuka kuelekea nje na naona yanazidi. Majirani wanasema ni kwa sababu alisimama mapema, atanyooka akikua. Hushinda kwa mama anayelea watoto hadi jioni, na hula ugali, sukuma na chai ya rangi. Nisubiri?
*Baba, Mathare*

Usisubiri. Mfupa wenye afya haupindi kwa sababu mtoto amesimama mapema.

Ni kweli kwamba watoto wengi huwa na miguu iliyopanuka magotini hadi karibu miaka miwili. Kisha miguu hugeuka upande wa pili, magoti yanagusana akiwa na miaka mitatu hadi minne, na kufikia miaka saba hivi huwa imenyooka. Kwa mwanao, tatizo ni kwamba amepita miaka miwili na upinde unazidi badala ya kupungua.

Mlaze chali sakafuni, nyoosha miguu, unganisha vifundo vya miguu, kisha pima nafasi iliyo kati ya magoti kwa rula. Ikizidi sentimita 6, au mguu mmoja ukiwa umepinda kuliko mwenzake, anahitaji daktari hata kama anacheza vizuri. Angalia pia vifundo vya mikono: je, vimevimba na kuwa vipana bila maumivu? Pitisha vidole kando ya kifua pale mbavu zinapokutana na gegedu: je, unahisi vinundu vilivyopangana kutoka juu hadi chini? Je, utosi ulikuwa bado wazi baada ya miezi 18? Meno yalichelewa? Anachoka upesi, au anakataa kutembea? Kila jibu la ndiyo linaongeza uwezekano wa matege yanayotokana na upungufu wa vitamini D, wa kalsiamu, au wa vyote viwili.

Chanzo ni hiki. Vitamini D inayotengenezwa na ngozi hupitia kwenye ini, kisha kwenye figo, ndipo inakuwa homoni kamili. Kazi yake kubwa ni kuamuru utumbo uchukue kalsiamu kutoka kwenye chakula. Ikiwepo ya kutosha, utumbo huchukua takriban asilimia 30 hadi 40 ya kalsiamu iliyoliwa. Ikikosekana, asilimia 10 hadi 15 tu. Damu ikipungukiwa, tezi nne ndogo za parathiroidi zilizoko shingoni hutoa homoni inayong'oa kalsiamu mifupani na kuzifanya figo zimwage fosfeti kwenye mkojo. Bila madini hayo mawili, gegedu lililo kwenye ncha za mifupa ya mtoto linaendelea kukua lakini haligandi kuwa mfupa. Ni kama ukuta uliopangwa kokoto na mchanga bila simenti: uzito wa mwili ukiukalia, unajipinda.

Mpeleke hospitali yenye daktari wa watoto. Kwa upande wenu Mama Lucy Kibaki ni karibu. Omba apigwe eksirei ya kifundo cha mkono na ya goti, na apimwe damu: kalsiamu, fosfeti, na kimeng'enya kiitwacho alkalini fosfatasi, ambacho hupanda sana kwenye matege. Eksirei ya kifundo cha mkono inaonyesha zaidi ya mguu uliopinda wenyewe, kwa sababu mfupa huo hukua kwa kasi.

Matibabu yanayokubalika kimataifa tangu 2016 kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 12 ni yuniti 3,000 hadi 6,000 za vitamini D kila siku kwa angalau wiki 12, daktari akichagua kiwango kati ya hapo. Wa chini ya mwaka mmoja hupewa 2,000. Pamoja nayo lazima apate miligramu 500 za kalsiamu kila siku, ama kwa chakula ama kwa dawa. Sehemu hii ya pili husahauliwa sana. Vitamini D ikifika peke yake, mifupa yenye njaa hufyonza kalsiamu ya damu kwa haraka, damu inapungukiwa, na mtoto anaweza kupata degedege. Baada ya wiki hizo anaendelea na yuniti 600 kila siku.

Sasa chakula chake. Kwenye matege mengi ya Afrika, jua si tatizo peke yake. Kalsiamu nayo ni kidogo sahanini. Ugali wa unga wa mahindi una fitati nyingi, kemikali inayoshika kalsiamu na kuipitisha hadi chooni, na chai ya rangi haina kalsiamu ya kutajwa. Sukuma wiki mnayokula ni nzuri. Kalsiamu yake hufyonzwa vizuri kuliko ya spinachi na terere, ambazo zina oksaleti inayoibana. Mwongezee kikombe kimoja cha maziwa asubuhi na kimoja jioni, ya kawaida au maziwa lala. Kila kikombe kina karibu miligramu 300. Mwekee omena mzima na mifupa yake, aliyesagwa kama mtoto hawezi kutafuna. Uji uliochachishwa usiku kucha hupoteza sehemu ya fitati zake, na mabibi zetu walikuwa sahihi kuupendelea. Mwombe pia anayemlea awatoe watoto nje saa nne, hata kwa nusu saa.

Usimfunge vibao, usimkande kwa nguvu, wala usinunue viatu vya kunyoosha miguu kabla ya matibabu. Mifupa ya umri huu ikipata madini hujinyoosha yenyewe kwa miezi na miaka, na anayetibiwa mapema mara nyingi haoni kisu cha upasuaji. Ikiwa mnakunywa maji ya kisima kilichochimbwa, mwambie daktari, kwa kuwa visima vingi vya eneo la Nairobi vina floridi nyingi, nayo huharibu mifupa kwa njia yake. Daktari atatazama pia ugonjwa wa Blount, unaopinda mguu chini kidogo ya goti na mara nyingi mguu mmoja zaidi ya mwingine. Huo hautibiki kwa vitamini.

Mtoto akipata degedege, vidole vikikakamaa, au akihema kwa shida, hiyo ni dharura. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Nina miaka 38. Nafanya zamu ya usiku kwenye kituo cha kupokea simu Westlands na mchana nalala. Kwa miezi mingi mapaja na kiuno vinauma, na kupanda matatu lazima nishike chuma nijivute. Damu imepimwa: vitamini D ni 9. Nimepewa vidonge vya yuniti 50,000 na kuambiwa "meza vikiisha urudi". Vipi?
*Dada wa zamu ya usiku, Westlands*

Dada, meza kimoja kwa wiki. Hatusemi kwa siku. Chagua siku moja, Jumapili kwa mfano, na umeze pamoja na chakula chenye mafuta, kwa sababu vitamini hii huyeyuka kwenye mafuta na tumbo tupu huipoteza. Muda wa kawaida ni wiki sita hadi nane. Baada ya hapo unahamia kwenye kidonge kidogo cha kila siku, yuniti 1,000 hivi, na kipimo kinarudiwa wiki 12 baada ya kuanza. Kupima mapema ni kupoteza pesa, maana kiwango hupanda polepole.

Sasa tusome namba yako. Tisa kwa kipimo cha nanogramu kwa mililita ni upungufu wa kweli. Chini ya 12 mifupa iko hatarini. Kati ya 12 na 20 haitoshi kwa baadhi ya watu. Kuanzia 20 inawatosha wengi. Maabara nyingine huandika kwa nanomoli kwa lita, ambazo ni mara mbili na nusu: 20 ya huku ni 50 ya kule. Watu wamewahi kushangilia "22" bila kutazama kwamba ni nanomoli, na hiyo ni sawa na 9 yako. Angalia pia jina la kipimo. Kinachofaa ni cha 25-hidroksi. Kuna kingine cha 1,25-dihidroksi, chenye bei ya juu zaidi, ambacho kinaweza kutoka sawa au hata juu kwa mtu aliyepungukiwa vibaya, kwa kuwa homoni ya parathiroidi inailazimisha figo kuitengeneza.

Maumivu unayoyaeleza yanalingana na kulainika kwa mifupa ya mtu mzima. Mfupa wa mtu mzima haukui tena kwa urefu, hivyo haupindi kama wa mtoto, lakini kila siku hujikarabati, na ukarabati usio na madini huacha mfupa laini unaouma ukibonyezwa: kwenye muundi, mbavu, nyonga. Misuli iliyo karibu na kiwiliwili hudhoofika kwanza, mapaja na mabega. Ndiyo maana shida ni ngazi, kiti cha chini, matatu, au choo cha kuchuchumaa, wakati vidole vya mikono bado vina nguvu. Kalsiamu ikishuka zaidi utahisi ganzi na kuwashwa kuzunguka midomo na ncha za vidole, au misuli kukakamaa.

Kabla ya kuanza 50,000, hakikisha kalsiamu na kazi ya figo vimepimwa. Omba pia wapime tezi ya thairoidi na kiwango cha damu, kwa sababu uchovu na udhaifu vina wazazi wengi, na karatasi ya vitamini D isije ikaficha ugonjwa mwingine. Mwambie daktari uzito wako: mafuta mengi mwilini huificha vitamini hii, na mtu mnene huhitaji dozi mara mbili au tatu. Maumivu hupungua baada ya wiki kadhaa, nguvu za mapaja huchukua miezi. Siku zako za mapumziko toka nje saa tano, mikono na miguu wazi, nusu saa.

Kila siku nakaa upande wa jua kwenye matatu kutoka Rongai hadi mjini, na mkono wangu umekuwa mweusi. Angalau vitamini D napata?
*Msafiri, Rongai*

La. Kioo huruhusu miale ya aina ya A, inayoifanya ngozi iwe nyeusi na kuizeesha, na kuzuia ya aina ya B. Fungua dirisha, na iwe kati ya saa nne na saa tisa.

Mimi ni mzee wa miaka 66. Sisi ni watu wa ikweta. Haya ya vitamini D si ni maradhi ya wazungu wanaokaa kwenye theluji?
*Mzee, Kangemi*

Mzee wetu, ikweta inakufaa ikiwa unakaa chini ya jua lake. Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya Wamaasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi maisha ya jadi, ya kuchunga na kuwinda mchana kutwa. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, zaidi ya mara mbili ya kiwango tunachokiita cha kutosha. Watu hao ni weusi kama sisi, na nchi yao ni jirani. Tofauti yao nasi ni paa.

Melanini ya ngozi nyeusi hutulinda na kuungua, lakini inachuja miale ya aina ya B pia, hivyo tunahitaji muda mrefu zaidi, mara tatu hadi tano ya ngozi nyeupe. Kwa mtu mweusi, dakika 20 hadi 30, mikono na miguu wazi, siku tatu au nne kwa wiki, ni mwanzo mzuri. Kukaa zaidi hakuleti sumu. Ngozi ikitosheka huivunja ile ya ziada. Na kwa umri wako liko jambo la pili: ngozi ya uzeeni hutengeneza kidogo kuliko ya ujanani. Ukipita miaka 70, mahitaji hupanda kutoka yuniti 600 hadi 800 kwa siku, na kidonge kidogo kina maana zaidi kwako kuliko kwa kijana wa mjengo anayefanya kazi juani.

Navaa buibui na nina ujauzito wa miezi mitano. Kuna haja ya kupima?
*Dada, Eastleigh*

Kupima si lazima. Kumeza ni muhimu zaidi. Mwanamke anayefunika mwili mzima na kuishi ghorofani ana uwezekano mkubwa wa kupungukiwa, na mtoto huzaliwa na akiba inayolingana na ya mama. Unahitaji yuniti 600 kila siku wakati wa ujauzito, nawe pengine utafaa kupewa zaidi. Zungumza na mkunga, na uangalie kama vidonge vyako vya kliniki vina D, kwa sababu vile vya madini ya chuma na foliki peke yake havina. Kama jengo lenu lina paa la faragha la wanawake, nusu saa ya jua la saa nne bila buibui inasaidia. Usitumie mafuta ya ini la chewa kama chanzo chako: kijiko kimoja cha chai kina karibu yuniti 450 za D lakini pia vitamini A nyingi, ambayo ikizidi hudhuru mtoto tumboni. Akizaliwa, aanze matone tuliyoyaeleza hapo juu.

Niambieni vyakula, si vidonge.
*Msomaji, Umoja*

Vipo vichache, na ni vema ujue hivyo. Kiini cha yai kina yuniti 40 hivi, kwa hiyo ungehitaji mayai 15 kwa siku. Sadini wa kopo wanatoa karibu 200 kwa gramu 100, na ndio chaguo la bei nafuu zaidi linalofika mbali. Ini la ng'ombe lina kidogo. Maziwa ya pakiti yana kalsiamu nzuri lakini D yake ni kidogo mno isipokuwa lebo iseme imeongezwa. Soma pia lebo ya majarini. Unga wa mahindi na wa ngano unaoongezwa virutubishi kisheria nchini Kenya tangu 2012 hauongezewi vitamini D.

Uyoga ni hadithi nyingine. Una kemikali inayogeuka kuwa vitamini D2 ikipigwa na miale ile ile. Ukate vipande, uupange kwenye sinia, uuache juani kuanzia saa tano kwa saa moja, kisha upike. Ulionunuliwa dukani ukiwa umekuzwa gizani hauna kitu mpaka ufanye hivyo.

Mtoto wangu ana ualbino. Nimwoteshe jua apate vitamini D?
*Mama, Dagoretti*

Hapana kabisa. Ngozi isiyo na melanini hutengeneza vitamini D kwa jua dogo linalompata hata akiwa amevaa kofia, na jua la ziada humletea saratani ya ngozi. Endelea na mikono mirefu, kofia pana na losheni ya jua, ambayo hutolewa kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Ukiwa na wasiwasi, kidonge kinatosha.

Kwenye kundi letu la simu kuna mtu anauza vitamini D akisema inazuia saratani, kisukari, presha na mafua. Ni kweli?
*Msomaji, South B*

Watu wenye vitamini D kidogo wanaugua mengi zaidi, hilo limeonekana mara nyingi. Lakini mgonjwa hukaa ndani, na kukaa ndani hushusha vitamini D. Huwezi kujua kipi kilianza. Njia ya kujua ni kugawa watu kwa bahati nasibu, nusu dawa nusu kidonge kitupu. Marekani walifanya hivyo kwa watu 25,871, yuniti 2,000 kila siku kwa miaka zaidi ya mitano. Idadi ya waliopata saratani haikupungua, wala mshtuko wa moyo na kiharusi, wala kuvunjika mifupa. Wengi wao hawakuwa na upungufu tangu mwanzo, na hilo ndilo funzo: aliyepungukiwa ananufaika, aliyetosheka hapati cha ziada. Mwaka 2024 chama cha madaktari wa homoni cha Marekani kilishauri kwamba watu wazima wenye afya walio chini ya miaka 75 wasipimwe ovyo.

Wanaofaa kupimwa ni wenye maumivu ya mifupa na udhaifu kama wa dada wa Westlands, watoto wenye dalili za matege, wagonjwa wa figo, ini na utumbo, na wanaomeza fenitoini, fenobabitali au kabamazepini za kifafa, au rifampisini ya kifua kikuu. Dawa hizo huliamsha ini livunje vitamini D upesi. Mgonjwa wa kifua kikuu asijiongezee mwenyewe bila daktari, kwa sababu ugonjwa wenyewe unaweza kupandisha kalsiamu. Na mwenye figo dhaifu hatasaidiwa na vidonge vya kawaida pekee: hatua ya mwisho ya kuamsha vitamini hufanyika kwenye figo, naye huhitaji aina iliyokwisha kuamshwa, kwa maagizo maalum.

Baba ana miaka 71 na presha. Rafiki yake alimpa kopo la yuniti 50,000, amekuwa akimeza kila siku kwa miezi miwili pamoja na kalsiamu "ili mifupa iwe ngumu". Sasa ana kiu isiyoisha, anakojoa sana, amefunga choo, na jana alichanganyikiwa.
*Binti, Kasarani*

Mpeleke hospitali leo, si kesho. Dalili hizo ni za kalsiamu kupita kiasi kwenye damu, ambayo huharibu figo na kuvuruga mapigo ya moyo. Aache vitamini D na kalsiamu mara moja. Hatari ni kubwa zaidi kama kidonge chake cha presha ni cha kukojoza cha jamii ya thaiazaidi, kwa kuwa hicho huzuia kalsiamu kutoka kwenye mkojo, au kama anameza digoksini ya moyo. Wampime kalsiamu, kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) na mapigo ya moyo kwa ECG; mara nyingi huanza kwa maji ya mshipani. Kuacha vidonge hakumalizi tatizo siku hiyo, kwa sababu kilichomezwa kimehifadhiwa kwenye mafuta ya mwili na kitaendelea kuvuja kwa wiki nyingi, hivyo kalsiamu itahitaji kupimwa tena na tena hata akishapata nafuu. Mpaka daktari aseme vinginevyo, apunguziwe maziwa na asiote jua la mchana. Beba makopo yote anayotumia, pamoja na dawa za presha, daktari asome lebo mwenyewe.